Mwanga Chini ya Kisima

Mume wangu Mbaluka aliniita kutoka chini ya kisima akaniambia anaona mwanga. Nikamjibu, bila shaka unaona mwanga, jua si liko utosini? Halafu sauti yake ikapanda, nyembamba, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Mama Ndunge, si wa juu. Uko chini ya miguu yangu."

Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo nywele zinanisimama. Mtu achimbe akitafuta maji, apate mchana?

Lakini nikianzia hapo nitawaacha njiani. Ngojeni nirudi nyuma kidogo tufike pamoja.

Sisi, Mbaluka na mimi Muthoki, ni Wakamba wa Makueni. Kwetu mto ni mchanga. Ukimwambia mtu wa kwetu twende mtoni, anabeba kata na kijembe, kwa sababu karibu mwaka mzima mto ni barabara nyeupe, pana, mbuzi wanapita na watoto wanacheza mpira, na maji yamejificha chini. Unafukua, unangoja, unateka. Mvua ikinyesha huko juu mto unashuka siku moja au mbili, mwekundu, umejitanua kama mtu aliyeshiba, kisha unalala tena.

Na mto wa mchanga una tabia yake. Mahali unapojipinda, upande wa nje unakula ukingo, upande wa ndani unatapika mchanga na udongo mzuri. Baba mkwe wangu alikuwa na shamba ndani ya pindo la mto, na kila baada ya mvua kubwa lile shamba lilinenepa. Jirani wa ng'ambo alikuwa analia, baba mkwe anapanda viazi vitamu. Kwa hiyo kwao mtoto wa kiume alifundishwa hivi tangu mdogo: ukitafuta mahali pa kukaa, kaa ndani ya pindo. Mto utakulisha mpaka uzeeke.

Mbaluka alilibeba somo hilo mpaka Kitengela.

Mwaka huo ulikuwa wa tisini na nne. Alikuwa amestaafu kiwanda cha saruji huko Athi River na alitaka shamba lake mwenyewe, na Wamasai walikuwa wameanza kukata ardhi yao na kuuza. Mzee mmoja aitwaye Meitamei, mrefu, masikio yametobolewa yakaning'inia, akatuzungusha tangu asubuhi. Kwanza alituonyesha kipande karibu na barabara ya murram, ile ya changarawe nyekundu, tambarare, nyasi nzuri, migunga miwili mitatu ya kivuli. Mimi nilishaanza kuona mahali pa kuanika nguo. Mbaluka hakukitazama mara mbili.

"Mto uko wapi?" akauliza.

"Mto?" Meitamei akacheka. "Mto uko. Twende nikuonyeshe mto."

Sasa, kama hujafika huko, nchi ile ni sawasawa kama meza. Unatembea, mbele yako ni nyasi mpaka zinakutana na milima ya Ngong, huoni bonde wala mteremko. Nilikuwa nimeinua mguu nipige hatua nyingine, Meitamei akanishika gauni kwa nyuma.

"Mama, hapo hakuna."

Nikatazama chini. Kweli hapakuwa na kitu. Ardhi ilikuwa imekatika, na huko chini, chini kabisa, ndege walikuwa wanaruka na mimi naona migongo yao. Chini ya ndege kulikuwa na mto, mdogo kama uzi, umejikunjakunja baina ya kuta za mwamba mweusi. Nilikaa kitako. Nilijiuliza, huu uzi ndio umekata jiwe lote hili? Kwa msumeno gani?

Mahali hapo mto ulikuwa unakuja, unazunguka ulimi mpana wa ardhi, halafu unarudi karibu na ulikotoka, kama mtu aliyesahau kitu. Katikati ya kuja kwake na kurudi kwake palibaki shingo nyembamba ya ardhi. Ukisimama juu ya shingo hiyo ukarusha jiwe kushoto, linaanguka mtoni. Ukarusha kulia, linaanguka mtoni, na ni mto uleule.

Macho ya Mbaluka yaling'aa. "Ndani ya pindo," akaniambia kwa Kikamba, karibu anong'one, kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe. Kisha akamgeukia Meitamei. "Hapa."

"Mzee, ile ya barabarani ni nzuri. Lori inafika."

"Lori itaninywesha?"

"Na hii itakunywesha? Maji iko kule chini. Hata nyani wakishuka wanalia."

"Hapa," Mbaluka akasema.

Meitamei akatikisa kichwa akitabasamu. "Nyinyi Wakamba mnapenda shimo. Basi, ni yako. Ile ingine itakaa, haina haraka."

Tukajenga nyumba ya mabati juu ya shingo, kwa kuwa ndipo palipokuwa mlango wa kuingilia ulimi, na kwenye ulimi tukalima. Mahindi yalitoka mafupi, maharagwe afadhali. Maji nilikuwa nateka mtoni kwa kijia kilichoshuka kikijipinda ukutani, mtungi mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Punda tuliyenunua alifika ukingoni siku ya kwanza, akatazama, akageuka akarudi nyumbani. Sijamlaumu hata leo.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Timiro, mama wa Kisomali kutoka upande wa Wajir, aliyekuwa na duka dogo kwenye murram na mbuzi ambao mumewe alikuwa anapeleka soko la Bisil. Tulipatana tangu siku ya kwanza, kwa sababu yeye pia anapenda vitendawili.

"Kitendawili!" nikamwambia siku moja nikinunua sukari.

"Tega!"

"Nyumba yangu iko na mto mbele na mto nyuma, na mto wenyewe ni mmoja."

"Jibu ni wazimu ya mzee wako," akasema, akanipimia sukari huku anacheka mpaka mizani ikatikisika. "Mungu amekupa nchi yote hii ya tambarare, nyinyi mkaenda kujenga kwenye kola ya shati!"

Mwaka wa tisini na saba ulianza na ukame. Mgongo wangu ulikuwa umechoka kupanda ule ukuta na mtungi, na Mbaluka aliuona. Si mtu wa maneno matamu, lakini jioni moja alinikanda mgongo kwa mafuta ya nyonyo, akasema, "Nitakuchimbia kisima." Mahali alishachagua: hatua chache kutoka mlangoni, katikati kabisa ya shingo. Hoja yake ilikuwa hii, na mimi niliiona nzuri: kushoto kuna maji, kulia kuna maji, yatakosaje kuwa katikati? Huko kwetu kwenye mchanga, hoja hiyo haijawahi kumwangusha mtu.

Binti yetu Ndunge alikuwa mwalimu wa sekondari huko Kajiado, anafundisha jiografia. Alikuja wikendi moja akamkuta baba yake ameshachora duara kwa kijiti. Akalizunguka lile duara, mikono kiunoni.

"Baba, unajua huu mto ulifikaje huko chini?"

"Ulichimba. Kama mimi nitakavyochimba."

"Mto haukushuka, baba. Nchi ndiyo iliyopanda."

Mbaluka akanitazama. "Umesikia mtoto wako? Nchi imekuwa mandazi, inaumuka."

"Mwaitu," Ndunge akaniambia, yaani mama, "kitendawili."

"Tega, mama yangu." Mimi kwa hilo huwa sikatai.

"Nyoka alilala kitandani amejikunja. Kitanda kikaota urefu. Nyoka hakuamka, hakujinyoosha, akazama ndani ya godoro akiwa amejikunja vilevile."

Nikafikiri, nikashindwa. Nikampa mji, Kitengela yote na maduka yake, ndipo akaingia jikoni akatoka na kipande cha sabuni ya kufulia na waya mwembamba. Akaukunja waya kama nyoka, akaushika kwa mikono miwili juu ya sabuni.

"Baba, shika sabuni. Mimi sitashusha waya hata kidogo. Wewe inua sabuni, polepole."

Mbaluka akainua. Waya ulikuwa umetulia tu mikononi mwa Ndunge, na sabuni ikaja ikakatwa, na mkato ukafuata mikunjo yote ya waya, kona kwa kona. Nikashika mdomo.

"Zamani sana hapa palikuwa chini na tambarare," Ndunge akasema. "Maji yakikosa mteremko yanatangatanga, ndiyo mto ukajifunza kujipinda. Halafu moto wa ndani ya dunia ukaanza kuinua nchi, wakati ule Bonde la Ufa linapasuka huko nyuma ya Ngong. Polepole, kama ukucha unavyoota. Mto ukapata mteremko, ukapata nguvu, ukaanza kukata kwenda chini kwa mchanga na mawe unayobeba. Hayo ndiyo meno yake. Ilipofika saa ya kutaka kunyooka, ukakuta umeshajizika ndani ya mikunjo yake mwenyewe. Huu si kama mto wa babu, baba. Ule unahama upande upande na kumwaga mchanga. Huu hauna pa kumwaga. Unakata tu." Akaonyesha shingo kwa kidole, kushoto na kulia. "Na hapa unakata pande mbili. Siku moja utakutana na wenyewe."

"Lini?"

"Aa, si leo. Labda miaka elfu."

Mbaluka akacheka, akarudisha sabuni jikoni akiwa ameiunganisha kwa kuibana. "Basi inatosha. Mimi nimebakisha ishirini tu, hiyo mingine nawaachia nyinyi."

Sote tukacheka, na Ndunge pia. Hakuna aliyeuliza miaka elfu hiyo ilianza kuhesabiwa lini.

Akachimba. Mwamba mweusi wa juu ulimtesa vibaya, aliuwashia moto na kuumwagia maji upasuke, kisha mtaimbo na nyundo, hata nikadhani atachoka aache. Hakuacha. Chini ya mwamba akakuta kitu laini, cha kijivu, kama jivu lililoshindiliwa. Ndunge alitwambia baadaye kwamba lilikuwa jivu kweli, la volkano. Mbaluka alifurahi. Alishuka haraka, kila siku kichwa chake kinazidi kuwa kidogo. Mimi na Timiro tulikuwa juu tunazungusha gogo la kamba, tunavuta ndoo za jivu. Timiro alikuwa anakuja akishafunga duka mchana, anasema mikono yake imechoka kupima sukari.

Siku ile Mbaluka alikuwa amejifungua kamba ya kiuno, kama alivyofanya kila mara akishafika chini, na kamba ilikuwa na ndoo peke yake. Ndipo akaniita, akasema yale maneno.

"Mwanga chini ya miguu?" nikauliza. "Baba Ndunge, toka! Shika kamba!"

"Ngoja. Kuna katundu. Ngoja nichungulie."

Nikasikia mtaimbo ukigonga mara moja. Kisha nikasikia sauti ambayo si ya kugonga wala ya kuanguka. Ilikuwa kama mtu mkubwa ametoa pumzi aliyoizuia muda mrefu.

Na kisima kikapumua. Sijui niseme vipi. Upepo ulitoka ndani ya ardhi, baridi, unanuka popo, ukapeperusha shungi la Timiro likaruka kichwani mwake, vumbi la kijivu likatufunika macho. Nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote. Ilikuja nyepesi. Ndoo ilitoka ikiwa tupu, inabembea.

"Baba Ndunge!"

Vumbi lilipotulia nikalala kifudifudi nikachungulia. Mahali pa chini pa kisima palikuwa na duara la mwanga, na ndani ya duara hilo niliona kitu kinameremeta na kutembea. Yalikuwa maji. Mto. Nilikuwa nimelala mlangoni kwangu na natazama mto kupitia sakafu ya dunia.

Timiro alikuwa anapiga kelele kwa Kisomali, mikono kichwani. Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa nafikiri jambo la kipumbavu, kwamba sijampikia chakula cha mchana. Halafu nikainuka, nikakimbia kuelekea kile kijia cha mtoni, viatu nikaviacha.

Sikufika mbali. Kwenye kona ya pili ya kijia kulikuwa na mtu anapanda. Mweupe kutoka nywele mpaka kucha, macho mawili mekundu, mkono mmoja ameushika na mwingine. Nikaona nimekufa na huyu amekuja kunipokea. Nikajibana ukutani.

Yule mtu akasimama, akanitazama, akakohoa jivu.

"Hapo hakuna maji," akasema.

Nikampiga. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, nalia, na yeye anasema, "Mkono, mama, angalia mkono," maana ulikuwa umevunjika. Alikuwa ameanguka pamoja na lile jivu, likamtelezesha kama mtoto kwenye mchanga mpaka kando ya maji. Timiro alipomwona akikanyaga ukingoni alirudi nyuma akisoma dua, na hakumkaribia mpaka aliponawa uso.

Kesho yake Ndunge alikuja. Tukashuka wote watatu kutazama. Nyuma ya mizizi ya mkuyu, upande mto unapokuja, kulikuwa na mdomo wa pango, tulikuwa tunapita karibu nao kila siku tukiona kivuli tu. Tukaingia, maji ya mto yakitulamba vifundo. Tukatokea upande wa pili, upande mto unaporudi. Mto ulikuwa umekula lile jivu laini kutoka kushoto, ukalila kutoka kulia, mapango mawili yakawa yanatafutana gizani, mpaka yakakutana, na kuta zilizobaki kubeba dari zilikuwa nene kama ukuta wa nyumba tu. Juu yetu palibaki dari la mwamba mweusi. Na darini palikuwa na tundu la mviringo, na kwenye tundu anga la buluu, na kwenye anga gogo langu, na kamba yangu, na ndoo inaning'inia.

Nilijua kila kitu kilichokuwa juu ya dari hilo. Kitanda changu kilikuwa hapo. Kuku wangu, sanduku la nguo, picha ya ndoa yetu ukutani.

"Ile miaka elfu," Mbaluka akamwambia Ndunge taratibu, "ilianza lini?"

"Sijui, baba."

"Hamkusoma hiyo?"

"Tulisoma mito ya nchi za watu." Akagusa ukuta wa jivu, ukammegukia mkononi. "Hatukusoma wa nyumbani kwetu."

Sasa mtu mwingine angepanda juu siku hiyohiyo afungashe. Mbaluka wangu alikaa kwenye kiti chake nje ya nyumba, mkono umefungwa kwa leso yangu, akasema, "Nitaziba."

"Utaziba nini?" nikauliza.

"Tundu. Mawe na saruji. Saruji naijua mimi."

"Baba," Ndunge akasema, "tundu si shida. Shida ni kwamba hakuna chini. Na redio inasema kuna mvua kubwa inakuja, hiyo Elnino. Mto ukijaa humo ndani, zile kuta hazitakaa."

"Mwamba ule umekuwako kabla ya Adamu. Mimi ndio nitauangusha?" Akatazama ulimi wake wa shamba, mabua ya mahindi yamekauka. "Baba yangu alikufa mzee ndani ya pindo. Mimi niende barabarani nikaishi kama kituo cha basi?"

Ndunge alimbembeleza mpaka akalia. Alibembelezwa na Meitamei pia, aliyekuja akachungulia kisima, akaruka nyuma kama aliyeona chatu, akasema kwa Kimaasai maneno ambayo hakutaka kututafsiria. Mbaluka alikuwa anajibu neno lilelile, nitaziba. Kwa mkono mmoja alianza kusomba mawe.

Nilimtazama siku nzima. Jioni nikatoa moto, nikachukua karai, nikabeba mafiga yangu.

Niwaeleze. Kwetu, nyumba inaweza kuhamishwa au kuezuliwa, lakini penye mafiga matatu ya mwanamke ndipo mume ana kwao. Na mwanamume wa rika la Mbaluka hainjiki chungu. Anaweza kuchimba mwamba kwa mtaimbo, lakini akiwashwa na njaa atakaa akitazama gunia la mahindi mpaka mmoja wao aoze. Hilo nililijua tangu niolewe, na sikuwahi kulitumia.

Nikayapeleka mawe yale, bado yana joto, mpaka kile kipande cha murram ambacho Meitamei alikuwa hajauza. Nikamkuta na ng'ombe wake, nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Sopa, mzee."

"Epa, mama. Umebeba nini?"

"Jikoni yangu."

Akatazama karai, akatazama upande wa korongo, akaelewa. "Weka moto," akasema. "Mengine tutaongea."

Timiro alinipa turubai na mikeka. Siku ya kwanza Mbaluka alijifanya hajaona. Siku ya pili alikula karanga mbichi na kupiga miluzi ili nisikie hajali. Baadaye akaja, akasimama mbali kidogo na turubai, anatazama mawingu.

"Unapika nini?"

"Isyo."

Isyo ni mahindi na maharagwe, na yeye anaipenda kuliko mimi. Akakaa. Akala mpaka sufuria ikalia. Kisha akasimama, akasema asante, akarudi kulala kwenye shingo yake. Na ikawa hivyo: anakuja kula, anarudi kuziba. Nilimhamisha tumbo, mwili mwingine ukabaki kule. Kila akiondoka nilikuwa namhesabia nyayo mpaka nasikia mlango wa mabati ukifungwa.

Mvua ikaja mwezi wa kumi. Wale mnaoikumbuka mnajua, haikuwa mvua ya kunyesha, ilikuwa ya kumwagwa. Barabara ikawa mto, na mto wenyewe ukabadilika sauti. Mto wa kwetu ukijaa unajitanua, unaenda mashambani. Huu ulikuwa umebanwa na kuta, haukuwa na pa kwenda ila juu. Nilichungulia mara moja tu. Kile kijia changu cha kuteka maji kilikuwa hakipo, na maji ya rangi ya kahawa yalikuwa yanaviringisha mawe chini, unayasikia yakigongana kama magurudumu ya treni. Nikakumbuka Ndunge aliposema hayo ndiyo meno.

Alasiri moja mvua ilipungua kidogo. Mbaluka alikuwa kule juu ya shingo, namwona kwa mbali na gunia kichwani, anapanga mawe yake kwenye kisima. Nilikuwa na isyo jikoni tangu asubuhi, na kuni zilikuwa mbichi, moshi mtupu, maharagwe yamekaza. Timiro alikuwa amekuja kuota moto. Nikabonyeza harage moja kwa kidole. Limeiva.

"Baba Ndunge!" nikaita. "Chakula!"

Akapunga mkono, kwamba anakuja. Akaweka jiwe moja tena. Nikaita tena, kwa ile sauti ambayo wanaume huwa hawaitaki. Akaacha, akaja, polepole, anakwepa madimbwi kama ana siku nzima. Akaingia chini ya turubai akinung'unika kwamba nimemharakisha na kazi imebaki kidogo. Nikampakulia. Akachota kwa mkono, akapuliza.

Kwanza nililiona kwenye sufuria. Mchuzi ulikuwa unatetemeka, mduara ndani ya mduara, na moto ulikuwa umefifia. Kisha miguu yetu ikajua. Halafu sauti ikafika, ndefu, nzito, ya kitu kikubwa kinachoketi.

"Subhanallah," Timiro akasema.

Tulikimbia wote watatu kwenye mvua. Ukingoni tukasimama, na nilimshika Mbaluka shati kwa mikono miwili. Shingo haikuwapo. Nyumba haikuwapo, wala gogo, wala yale mawe aliyoyapanga mwezi mzima. Nilikitafuta kisima kwa macho, nikakumbuka kisima ni shimo, na sasa palikuwa wazi pote, hapakuwa na kitu cha kulizunguka. Maji yalikuwa yanapita hapo moja kwa moja, yamenyooka, yanapiga mbio kama yaliyofunguliwa. Ng'ambo ulimi wetu ulikuwa umebaki peke yake na mabua yake, na lile pindo kubwa lililouzunguka tangu enzi ambazo hakuna mtu aliyeziona lilikuwa linaishiwa maji mbele ya macho yetu, mawe yanatokeza migongo.

Mvua ilikuwa inatunyeshea vichwani na hatukuifuta.

Nikamtazama Mbaluka. Mkono wake ulikuwa umekunjwa ngumi kifuani, na baina ya vidole maharagwe yalikuwa yamepondeka yanachuruzika na maji ya mvua. Alikuwa bado hajatia mdomoni. Nikaanza kumfungua vidole, kimoja baada ya kingine, vilikuwa vigumu kama vya maiti.

"Haya maharagwe," akasema, hanitazami, anatazama kule maji yanapopita. "Haya maharagwe, Muthoki, kama yangekuwa magumu kidogo..."

Hakumaliza. Nikamfungua kidole cha mwisho, nikamvuta turudi kwenye mafiga.